Mtoto wa Mia Mbili na Arobaini

"Ndahari!"

Sauti ndogo iliitika kwa Kinyarwanda kwamba ipo, kutoka mkeka wa nyuma, na hapo ndipo tulipomwacha Flaviana juma lililopita: mlangoni mwa chumba cha pili, Kituo cha Akanyoni, Kagugu, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango. Mwalimu Kamikazi alikuwa akiita majina ya watoto. Jina la mwisho kabisa daftarini alilisoma kwa furaha. Kokusima Vitalis.

Kokusima ni jina la Kihaya. Kigali nzima huenda usilikute mara mbili. Na huyo Kokusima Vitalis, Flaviana ndiye aliyemzaa, na siku ya tatu baada ya Krismasi alimzika Kanyigo, nyumbani kwa kina mumewe, kule Tanzania. Alikuwa na miaka minne.

Sasa Kokusima ameitika.

Flaviana alimtazama. Mtoto wa kike, kichwa kimenyolewa, sweta ya kijani mikono imemzidi. Hakufanana na Koku hata kidogo. Pua nyingine, masikio mengine.

Alingoja moyo umpasuke. Haukupasuka. Alingoja miguu ilegee. Haikulegea. Kwa miezi tisa sasa mambo yalikuwa yakimfikia hivyo, kama habari za mtu mwingine zinazosomwa kwenye redio ya jirani.

"Madamu, iko shida?" Kamikazi aliuliza.

"Huyu mtoto ni nani?"

Kamikazi akacheka. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, ameajiriwa mwezi wa saba, na hakuna aliyewahi kumwambia lolote kuhusu msiba ule. "Madamu na wewe! Si ni Koku wako?"

"Wangu?"

"Baba yake amemleta wakati wewe ulikuwa Kabuga. Amesema madamu hapendi watu wajue, wasiseme anapatia mtoto wake nafasi. Mimi nikanyamaza." Akashusha sauti. "Na ni yeye namba ya mwisho. Mia mbili na arobaini! Tumefika, madamu!"

Akapiga makofi. Watoto thelathini wakapiga makofi naye, mwenye sweta ya kijani akiwa wa kwanza.

Flaviana akafunga mlango polepole, akaenda ofisini.

Tukumbushane. Kuna wafadhili, wana ofisi yao Nairobi, walioahidi Kituo cha Akanyoni ruzuku ya miaka mitatu: vyumba vitatu vipya, uji wa kila siku, mishahara ya walimu, na watoto wa wafua nguo na wabeba mawe wasome bila kulipa senti. Sharti lilikuwa moja. Ifikapo mwisho wa mwezi huu wa tisa, wawe wameandikishwa watoto mia mbili na arobaini, kila mmoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Mwezi wa pili walikuwa themanini na watano.

Waliobaki wote aliwatafuta Flaviana, ofisa wa uandikishaji. Alipanda na kushuka vilima vya Kagugu akigonga milango. Walimfungia. Walimtukana. Baba mmoja alimmwagia maji ya vyombo. Kesho yake alirudi kwa baba yule yule na fomu ile ile, akaandikisha watoto wawili. Ofisini walisema ana moyo wa chuma. Hawakujua kwamba hakuwa anasikia kitu.

Faili la mwisho lilikuwa juu ya mengine. Akalifungua.

Cheti kilikuwa cha kweli, cha Kigali, cha binti yake. Kona moja ilitafunwatafunwa. Koku alikitafuna akiwa na miezi minane. Kwenye fomu, sahihi ya baba ilikuwa ya Vitalis, mumewe, hakuna wa kuibishia. Sahihi ya mama ilisomeka "Flaviana". Lakini mkono ule haukuwa wake. Aliujua. Mkono ule ulikuwa ukimwandikia vikaratasi jikoni kwake miaka mitatu: *sukari imeisha, mtoto amekula.*

Akampigia mumewe.

"Uko wapi?"

"Kazini," alijibu Vitalis. "Forodhani. Kuna makontena mawili."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watoto wanaimba. Flaviana akaondoa simu sikioni. Wimbo uliendelea, ule ule, ukitoka chumba cha pili.

Akasogea dirishani.

Nje ya ua wa kituo, kando ya mtaro, Vitalis alikuwa amesimama na simu sikioni, shati la kazini limechomekwa vizuri. Nyumba yao iko Kabeza, upande wa uwanja wa ndege. Ofisi ya Vitalis ya uwakala wa forodha iko huko huko. Mtu hapiti Kagugu kwa bahati.

"Geuka," Flaviana alisema.

Akageuka. Wakatazamana kupitia kioo na ua wa miti, simu zikiwa masikioni.

"Mama Koku," Vitalis alisema.

Tangu Januari hawakuwahi kuitana hivyo. Hawakuwahi kuitana kwa jina lolote. Walikuwa wakisema "samahani" na "chakula kipo".

Flaviana akatoka nje, akamkuta pale pale mtaroni.

"Mtoto wa nani?"

"Wa Mukamusoni."

Mukamusoni, yaya wa vile vikaratasi vya jikoni, ndiye aliyemlea Koku tangu ana mwaka mmoja mpaka siku walipopanda basi kwenda Kanyigo kula Krismasi. Walipoondoka walikuwa watatu. Waliporudi walikuwa wawili. Mukamusoni alikuwa amepika ndizi, ameweka sahani ndogo ya Koku mezani. Flaviana alimwambia aondoke siku ile ile. Hakuwa na kosa la kumpa. Hakuweza tu kumtazama.

"Mukamusoni hana mtoto," Flaviana alisema.

"Ana mtoto. Miaka yote ile alikuwa naye, yuko Kirehe kwa bibi yake. Wewe hukumwuliza. Na mimi sikumwuliza. Bibi alikufa mwezi wa sita, akaenda kumchukua. Anaitwa Gaju."

"Kwa nini hakuja kumwandikisha kama watu wote?"

"Ungemwandikishaje? Gaju alizaliwa Karagwe, shambani, mama yake akilima vibarua. Huko hakuna aliyemwandika. Huku hakuna aliyemwandika. Hana hata kipande cha karatasi." Vitalis akajifuta uso. "Anafua nguo za watu hapa Kagugu. Asubuhi anamfungia mtoto ndani, anamwachia kikombe cha uji. Wewe ulipita mlangoni kwake mara mbili na fomu zako. Mwenyewe alikuwa ndani, akakuona kwenye ufa, akajificha."

Flaviana akakumbuka mlango mmoja wa bati la bluu. Aligonga, akasikia mtoto anakohoa, akaandika kwenye daftari: *hakuna mtu*.

"Ukachukua cheti cha mwanangu."

"Kilikuwa kabatini."

"Ukampa."

"Kilikuwa kabatini, Mama Koku! Huku hatukuwahi kuandikisha msiba. Nilikuomba mara ngapi twende ofisi ya sekta? Ukawa unasema kesho. Kwenye karatasi za Kigali bado yuko hai. Nikaona basi, hayo maisha ya kwenye karatasi yamsaidie mtu."

Lilikuwa neno zuri. Flaviana alimjua mumewe miaka kumi na moja, na alijua kwamba neno zuri hivyo halikuwa lote.

"Na wewe unafanya nini hapa saa mbili na nusu asubuhi?"

Vitalis akatia simu mfukoni.

"Vitalis. Unafanya nini hapa?"

"Ndiyo saa wanayoita majina," alisema. Akatazama ndani ya mtaro. "Nakuja kila siku. Nasimama hapa. Wanaita Kokusima Vitalis, halafu mtu anaitika. Ndiyo basi. Halafu naenda kazini."

Kama Flaviana angeweza kulia, angelia hapo. Badala yake aliona kwamba kifungo kimoja cha shati la mumewe kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Amekishona mwenyewe.

Honi ikalia getini.

Lilikuwa gari la Kellen, mkurugenzi wa kituo. Kellen ni Mnyarwanda aliyekulia Mbarara. Anatembea haraka na kuongea haraka, na leo vyote viwili vilikuwa vimezidi.

"Flaviana! Uko huku nje unafanya nini? Mkaguzi wa wafadhili amekuja leo! Tulisema Ijumaa, yeye amefika leo. Yuko nyuma yangu dakika kumi."

"Bosi, kuna jambo. Mtoto wa mia mbili na arobaini si..."

Kellen akainua kiganja.

"Sikiliza. Usiniambie kitu ambacho sitaweza kusahau. Ana miguu miwili? Yuko darasani? Ana cheti?"

"Ana cheti, lakini..."

"Basi. Soma majina, watoto waitike, mgeni anywe chai, aende. Yakikosa kutimia, tunarudi themanini na watano. Hao wengine wote unajua wanarudi wapi."

Flaviana alijua. Milango yote alikuwa ameigonga yeye.

Alipogeuka, Vitalis alikuwa ameshaondoka.

*

Mkaguzi aliitwa Auma, mama mnene wa Kisumu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi wa shanga. Alikataa chai.

"Chai baadaye. Watoto wote nje, kila darasa na mstari wake. Nani ndiye ofisa wa uandikishaji?"

"Mimi," Flaviana alisema.

"Basi wewe utasoma, mimi nitahesabu. Mtoto akiitika namwangalia, naangalia na karatasi yake. Twende pole pole, sina haraka."

Kazi ile ilichukua zaidi ya saa nzima. Jua la saa nne lilikuwa limeshapanda. Watoto walikaa juu ya nyasi, wengine wakala nyasi, mmoja akajikojolea akabadilishwa nguo. Flaviana alisoma. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Hamsini. Mia. Mia na themanini. Kila jina lilikuwa na mlango wake kichwani mwake, na nyuma ya mlango mama aliyesema hapana kabla ya kusema ndiyo.

Mia mbili na thelathini na tisa.

Kellen alikuwa amesimama nyuma ya Auma. Alikuwa anatabasamu kwa midomo tu.

Flaviana akafika mstari wa mwisho. Jina lilikuwa pale, kwa mwandiko mzuri wa Kamikazi. Alifungua mdomo kulisoma. Ilikuwa kazi ndogo: maneno mawili, na mtu ataitika, na watoto mia mbili na arobaini watapata uji miaka mitatu.

Kisha akawaza asubuhi ya kesho. Na ya keshokutwa. Vitalis mtaroni.

"Gaju," alisema.

Kamikazi akanyoosha shingo kuangalia daftari, akidhani madamu amekosea.

Kwenye mstari wa chumba cha pili, mtoto mwenye sweta ya kijani alikuwa ameinua uso. Alimtazama Flaviana, akamtazama mwalimu wake, kama anayeuliza kama inaruhusiwa. Kisha akasimama wima, ingawa wenzake wote waliitika wamekaa.

"Ndahari!"

Auma akavaa miwani.

"Mimi naona hapa Kokusima."

"Kokusima ni binti yangu," Flaviana alisema. "Alifariki Desemba. Cheti hicho ni chake. Huyu ni Gaju. Hana cheti."

Alisema kama anayesoma jina jingine tu. Kellen akafumba macho.

Auma alitazama karatasi, akatazama ile kona iliyotafunwa, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Pole sana, mama," alisema mwishowe. Kisha sauti yake ikarudi kazini. "Sasa, hii siwezi kuihesabu. Mnajua hivyo. Siandiki jina la marehemu kwenye ripoti yangu. Kwa hivyo nina watoto mia mbili na thelathini na tisa."

"Madamu Auma," Kellen alianza, "mtoto mmoja tu..."

"Sijamaliza. Mwisho wa mwezi ni keshokutwa, na mimi ripoti naituma keshokutwa jioni. Kwanza, msiba uandikishwe, hicho cheti kisitumike tena na mtu. Pili, huyu mtoto aletewe barua ya kiongozi wa umudugudu wake, huo mtaa anaokaa, kwamba anamjua, yeye na mama yake, na kwamba maombi ya cheti yameanza. Nikiviona vyote viwili, naandika Gaju, na namba yenu imetimia. Nisipoviona, siandiki."

Akavua miwani.

"Sasa hiyo chai iko wapi?"

*

Ofisi ya sekta ilikuwa na foleni fupi. Karani aliitwa Twahiru, kijana mwenye kofia nyeupe na Kiswahili safi cha Nyamirambo. Flaviana akamkabidhi kibali cha mazishi cha Tanzania, kile alichotembea nacho mkobani tangu Januari bila kukitoa, na cheti cha kuzaliwa.

"Jina la marehemu?"

"Kokusima Vitalis."

"Uhusiano?"

"Mama."

Twahiru aliacha kuandika kidogo, akaendelea.

"Sababu ya kifo?"

"Homa ya uti wa mgongo. Siku mbili."

"Kwa nini hamkuja mapema, mama? Imeshapita miezi tisa."

Flaviana alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, akatafuta jibu, asilione.

"Sijui," alisema.

Karani akaizungusha fomu. Flaviana akatia sahihi. Muhuri ukagonga mara mbili, sauti ya kawaida kabisa, ile inayosikika kwenye ofisi yoyote. Ilikuwa imechukua dakika kumi na moja. Miezi tisa aliogopa dakika kumi na moja.

Alikaa kwenye benchi nje, akangoja kitakachokuja. Kilichokuja ni njaa. Akanunua chapati mbili kwa mama mmoja wa kibanda, akala moja, akafunga nyingine bila kujua anamfungia nani.

Simu ikalia. Kamikazi. Alikuwa akilia, Kiswahili na Kinyarwanda vimechanganyika hata Flaviana akalazimika kumwambia aanze upya.

"Wamemuchukua mama wa huyu mtoto! Wamekuja pale anafulaga nguo, wakamuchukua na gari!"

"Nani?"

"Polisi, madamu! Bosi ameuliza mtoto mama yake iko wapi, halafu amepiga simu. Amesema kuna mtu amedanganya na karatasi."

Flaviana akakata, akampigia Kellen.

"Nilikwambia usiniambie," Kellen alisema kabla hajaulizwa. Sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na hasira. "Ukasema mbele ya mkaguzi. Sasa iko kwenye maandishi, Flaviana. Kuna sahihi ya kughushi kwenye faili letu. Lazima mtu awe na kosa, na hawezi kuwa kituo. Nina watoto mia mbili na thelathini na tisa wa kulinda."

"Na huyo mmoja?"

Kellen akakata simu.

*

Saa kumi na moja Flaviana aliingia getini. Uwanja ulikuwa mtupu. Watoto wote walikuwa wameshachukuliwa.

Gaju alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chumba cha pili, viatu vimefungwa, mfuko wake mdogo mapajani. Kamikazi alisimama karibu naye, macho mekundu.

"Siwezi kumuachilia, madamu. Sheria inasema mtoto anachukuliwa na mtu wa kwenye fomu. Kwa fomu iko baba, simu yake haipatikani. Na iko mama." Akamwonyesha fomu. "Mama ni wewe."

Flaviana akakaa ngazini. Hakukaa karibu sana. Akatoa chapati mkobani, akaiweka katikati yao. Gaju akaichukua, akaanza kuila kutoka pembeni, akizunguka.

"Wewe ni mama wa Koku wa kweli?" mtoto aliuliza.

"Ndiyo."

"Mimi sikutaka jina lake. Mama alisema ni la kuazima." Akatafuna. "Atakuja kulichukua?"

Flaviana alitazama uwanja, nyasi zilizolaliwa na watoto asubuhi.

"Ameshalichukua leo," alisema.

Gaju akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama jambo lililopaswa kuisha na limeisha. Akasogea kidogo ngazini, bega lake likagusa mkono wa Flaviana, akaendelea kula.

Na hapo, msomaji, ndipo Flaviana alipohisi kitu. Kilikuwa kidogo, cha kuuma, chini ya mbavu, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuchomachoma. Hakukifurahia. Alitamani kiondoke. Hakikuondoka.

Gari likaingia.

Alishuka kwanza Kellen, asiyemtazama mtu. Kisha akashuka mwanaume mwenye jaketi la kijivu, faili mkononi. Alijitambulisha taratibu: afisa wa upelelezi, Nsabimana. Kwenye kiti cha nyuma, kioo nusu kimeshushwa, alikuwa ameketi Mukamusoni, mikono bado ina povu lililokaukia kwenye viwiko.

"Mama!" Gaju akaruka. Kamikazi akamshika kabla hajafika.

"Sitachukua muda wenu," Nsabimana alisema. Akafungua faili. "Fomu hii ina sahihi ya mama wa mtoto. Imeandikwa Flaviana. Aliyeiandika hapa ndiye ninayemtafuta, maana huyo ndiye aliyedanganya. Huyu mama kwenye gari nimemwuliza mara nne, hasemi neno. Mkurugenzi anasema ni yeye. Mimi nataka kusikia kwa mwenye jina." Akamgeuzia Flaviana karatasi. "Nani aliandika hapa?"

Flaviana hakuhitaji kuitazama.

Alimtazama Mukamusoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya ile sahani ndogo mezani. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa yale yale, yaliyokesha na Koku siku za meno, siku za kikohozi, na hayakuwa yakimwomba kitu. Aliweza kumtazama. Jambo hilo lilimshangaza.

"Mimi," alisema Flaviana.

"Flaviana!" Kellen alifoka.

"Mimi ndiye ofisa wa uandikishaji. Jina ni langu, cheti ni cha mwanangu. Niliandika mimi. Mshushe huyo mama, mtoto wake amekula chapati moja tu tangu asubuhi."

Nsabimana hakuandika. Alimtazama kwa makini, kichwa upande, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akacheka kidogo.

"Ajabu," alisema. "Saa tisa mchana bwana mmoja alikuja ofisini kwangu kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyemwita. Akasema sahihi zote mbili ni zake, ya baba na ya mama, na huyu mfua nguo hajui lolote. Anaitwa Vitalis. Ni nani wako?"

Flaviana akainuka ngazini.

"Mume wangu."

"Mlipanga?"

"Hatujapanga kitu," alisema, na sauti yake, iliyosoma majina mia mbili na thelathini na tisa bila kutetemeka, ikatetemeka. "Hatuongei."

"Basi mmoja wenu anaidanganya serikali, mama. Na mimi nimemweka ndani yeye. Panda gari, twende mkaelezane mbele yangu."

Akafungua mlango wa nyuma. Mukamusoni akashuka. Gaju akaponyoka mikononi mwa Kamikazi, akamkumbatia mama yake miguuni, uso ndani ya kitenge chenye harufu ya sabuni. Flaviana akapita kando yao, akainama, akaingia, akakaa mahali pale pale ambapo kiti kilikuwa bado kina joto.

"Umudugudu," alimwambia Mukamusoni kupitia kioo, haraka haraka. "Nenda kwa kiongozi wako kesho asubuhi, akupe barua ya Gaju. Kesho. Umesikia? Usipitie mahali pengine."

Mukamusoni alikuwa amemshika mwanawe kichwani kwa mikono miwili. Alikuwa huru kuondoka. Geti lilikuwa wazi, hatua ishirini tu. Nsabimana akawasha gari.

Mukamusoni akasogea mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Afande, zima kwanza," alisema. "Hao wote wawili iko wanadanganya."